Nyumba Isiyo na Ngazi

2 Februari

Mpwa wangu,

Natumaini barua hii inakukuta salama, kwa kadiri mtu anavyoweza kuwa salama hapo ulipo.

Afisa wa ustawi wa jamii alifika kwangu Jumanne. Ni binti mrefu mwenye miwani, anayeandika bila kutazama karatasi. Akakaa kwenye kiti kile ulichokuwa ukikalia ulipokuja kusomea mitihani. Amenieleza utaratibu, nami nakueleza wewe, kwa sababu najua huko ndani watu huamriwa tu, hawaelezwi. Kwa kuwa ulikiri kosa, hakuna mashahidi watakaoitwa tena. Kilichobaki ni hukumu, nayo imepangwa tarehe 14 Aprili. Kabla ya siku hiyo mahakama inataka kujua ulilelewaje. Taarifa ikimridhisha hakimu, anaweza kupunguza miaka. Isipomridhisha, afisa anasema tutegemee kumi na miwili.

Ameomba taarifa hiyo niiandike mimi, kwa sababu mbili: nyumbani nilikuwa mjomba wako, na shuleni nilikuwa mwalimu wako mkuu. Nani anakujua kunishinda?

Lakini nimekaa na karatasi siku nne, na kalamu haitembei. Nimefundisha miaka thelathini na moja. Naweza kumweleza mtoto wa darasa la tatu kwa nini chuma hupanuka kikipata moto. Siwezi kujieleza mimi mwenyewe ilikuwaje fundi wa kuchomelea mageti, kijana wa miaka ishirini na minne, asiyeonja pombe, amgeukie mteja wake mfamasia, mtu wa rika langu, na kumpiga kwa kipande cha bomba mpaka watu wanne wamvute. Wanasema geti lilikosewa vipimo. Kwa hilo tu? Ni marafiki wa karakana? Ni zile picha za mapigano mnazotazama kwenye simu? Niandikie, unisaidie kukusaidia.

Mjomba wako,
Mwalimu


13 Februari

Shikamoo mjomba. Na wewe afande unayesoma kabla yake, shikamoo pia.

Nashukuru kwa barua. Humu mtu akipata barua anaheshimika siku nzima. Tuko arobaini na mmoja kwenye chumba cha watu kumi na wawili, na jina langu la karakana limenifuata: naitwa Cheche hata na askari. Nilidhani litabaki kule pamoja na miwani yangu ya kuchomelea.

Unauliza kwa nini. Mjomba, sijui nikujibu nini. Mfamasia hakunikosea. Geti nililipima vibaya mwenyewe, lilizidi sentimita nne, haliingii kwenye nguzo. Alikuwa na haki ya kunitukana, na hakunitukana. Alinishika begani. Baada ya hapo ninachokumbuka ni mlio wa bomba likianguka sakafuni, na watu wamenikalia mgongoni. Nasikia mkono wake wa kulia umekufa na maneno hayamtoki sawasawa. Hilo nalijua kila nikiamka.

Marafiki wa karakana waache. Fundi mkuu amenitumia sabuni mara mbili, na yeye ndiye aliyepoteza mteja.

Mimi nina ombi moja. Niambie habari za mdogo wangu Kitinda. Zote, hata zile unazoona hazina maana. Mama akija kunitazama husema "mdogo wako hajambo" halafu anatazama saa, na saa yenyewe hana, anatazama mkono.

Cheche


20 Februari

Shikamoo kaka,

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu anakaa nayo shemeji yako. Si kwa ubaya, ni kwamba ya kwake imeharibika. Barua hii nampa jirani ninayefua naye aitumbukize posta.

Kaka, nasikia wewe ndiye utakayeandika kwa hakimu. Nakuomba kwa jina la mama yetu, andika yaliyo mazuri. Andika kwamba mtoto alikula, alivaa, alisoma, baba yake alikuwa kazini. Mambo ya ndani yabaki ndani. Shemeji yako safari hizi amepungua sana, si yule unayemjua. Umri umemkuta, mgongo unamuuma kwa kukaa kwenye lori, akirudi anataka kulala tu. Mtu akishapoa, kwa nini umkumbushe moto? Wewe mwenyewe ulikuwa ukiniambia, funika kombe mwanaharamu apite. Basi nimefunika, kaka. Nimefunika miaka mingi.

Kitinda hajambo, ila wiki iliyopita alianguka ngazini, mkono wa kushoto umefungwa. Si kitu kikubwa. Anaandika kwa wa kulia, shule hajakosa.

Nisalimie wifi yangu kaburini ukienda kupalilia.

Mdogo wako


1 Machi

Mpwa wangu,

Nimemaliza taarifa, na sitaficha kwamba imenitoka vizuri. Nakunakilia kipande:

"Kijana huyu alikulia katika nyumba yenye nidhamu, chini ya baba mchapakazi, dereva wa masafa marefu, na mama mpole. Shuleni alikuwa mtulivu kuliko wenzake. Tendo lake halina mzizi katika malezi yake, hivyo ni la kupita, wala halitarajiwi kujirudia."

Unaona hoja ilivyojengwa? Tukionyesha kwamba shina ni zima, hakimu atasadiki kwamba tawi limevunjwa na upepo tu. Afisa aliuliza juu ya daftari la majeraha la shule, lile la jalada la kijani. Nilimwambia halina zaidi ya watoto kuanguka michezoni. Wewe na mimi tunajua kilichomo, na hakuna haja ya kufukua. Ukisema leo kwamba baba alikuwa mkali, hakimu atasikia tu kwamba ukali umo kwenye damu yako, na miaka itaongezeka. Samaki hukunjwa angali mbichi. Baba yako alikunja kwa nguvu kupita kiasi, hilo nilimwambia, lakini nia yake haikuwa mbaya.

Uliomba habari za mdogo wako, hata ndogo. Ni ndogo kweli: alianguka ngazini, mkono wa kushoto umefungwa. Shule hajakosa. Mnafanana hata kwa utundu!

Nitaipeleka taarifa kwa afisa katikati ya mwezi. Niandikie kama una neno la kuongeza.

Mjomba wako,
Mwalimu


9 Machi

Mjomba,

Usiipeleke.

Nyumba yetu haina ngazi. Ulikuwepo siku tunaijenga, ulishika kamba ya kupimia. Vyumba vitatu chini ya bati moja, sakafu iko sawa na uwanja, mvua ikizidi maji yanaingia bila kupiga hodi. Shule haina ngazi, wewe ndiye uliyekuwa mkuu wake. Kwenye mtaa mzima ngazi ni moja, ya fundi rangi, naye huibeba begani akienda nayo kwake. Kitinda ameanguka kwenye ngazi gani?

Nitakwambia ni ipi. Ni ile niliyoijenga mimi ofisini kwako.

Nilikuwa na miaka tisa. Nilikuja kabla ya kengele, mkono unaning'inia. Ulifunga mlango polepole ili walimu wasisikie. Ukauosha mkono, ukaufunga kwa rula mbili za mbao na kitambaa cha meza, ukanipa chai yako mwenyewe. Mjomba, mpaka leo sijawahi kufungwa jeraha vizuri hivyo. Halafu ukafungua daftari la kijani, ukaniuliza kwa sauti ya chini: "Haya, tuandike umeanguka wapi?" Mtini tulishatumia. Ukutani tulishatumia mara mbili. Ukutani kwako kulikuwa na kalenda yenye picha ya ghorofa. Nikasema, "Ngazini." Ukatabasamu, ukasema, "Akili unayo." Ukaandika kwa mwandiko wako ule mzuri. Nilijisikia kama nimefaulu mtihani.

Jioni ukanishika mkono mzima ukanirudisha. Tulipofika karibu na lori ukaniwekea mkono begani: "Mwanangu, kaa chini nikueleze. Baba yako anakupenda, ila hajui kusema."

Baba nilimzoea. Lori likizima, nilikuwa nasikiliza mlango. Ukifungwa mara moja, salama. Ukifunguliwa tena ukafungwa mara ya pili, kuna kitu amekikumbuka cha kukasirikia. Baba alikuwa mvua. Mvua hata huichukii, unatafuta tu pa kujificha. Wewe ndiye uliyekuwa paa.

Sasa nikujibu swali lako la Februari. Mfamasia aliliona geti, akatikisa kichwa, akanishika begani, akasema: "Kaa chini, mwanangu, nikueleze ulipokosea." Kwa upole. Hakukuwa na hasira hata punje. Ningejua la kufanya na hasira.

Sisemi ni kosa lako. Bomba nililishika mimi, na yule mzee hakuwa wewe. Nataka tu ujue nilikuwa nampiga nani.

Hiyo miaka kumi na miwili niachie mwenyewe. Kamchukue Kitinda. Na ukimpata, tafadhali, usimweleze kitu.

Cheche


2 Aprili

Shikamoo mjomba.

Wiki tatu kimya. Huenda afande amekalia barua yako, huenda hujaandika. Kila siku barua zikigawiwa nasimama karibu na mlango, wenzangu wanasema Cheche ana mchumba.

Humu kuna kijana wa miaka kumi na tisa. Ukimgusa kwa nyuma, hata kumpa sahani, anapiga kwanza halafu anageuka kuona ni nani. Juzi alimpiga mzee wa watu aliyetaka kumwonyesha kiatu chake kimefunguka. Nilimuuliza, "Kwenu kuna ngazi?" Akasema, "Ghorofa tatu, braza." Nilicheka mpaka nikakohoa. Hakuelewa, sikumweleza.

Kama umekwenda kumwandikia baba barua ya busara, basi niambie tu, nijue.

Cheche


6 Aprili

Kaka,

Sijui nianze na salamu au nisianze.

Ulikuja Ijumaa asubuhi na yule binti wa ustawi na askari wa kike, lori likiwa uwanjani. Hukunitumia hata neno. Shemeji yako alikuwa anakunywa chai mlangoni. Alipokuona hakuinuka, akacheka: "Mwalimu! Leo umeleta daftari gani?" Kaka, kumbe alikuwa anajua. Siku zote alikuwa anajua kwamba unaandika, na kwamba unaandika kwa ajili yake.

Wewe ulipita ukaingia ndani, ukamwambia Kitinda, "Vaa viatu." Basi. Kwa mara ya kwanza maishani mwako umesema maneno mawili ukanyamaza. Mtoto akanitazama mimi, nikamtazama ukuta. Akavaa, kimoja akakifunga kwa mkono mmoja, cha pili akashindwa, ukainama ukamfungia wewe.

Walimchukua shemeji yako akalala mahabusu siku mbili. Ametoka kwa dhamana, yuko hapa. Haongei. Anafungua mlango wa lori na kuufunga. Majirani wanasema kaka yako kakutenda. Wengine wanasema kachelewa. Mimi sijui nisemeje. Mtoto akiwepo, mkono wa shemeji yako ulikuwa unagawanyika kwetu wawili.

Nina swali moja, kaka, halafu sitakuandikia tena juu ya jambo hili. Ulipomwambia mtoto avae viatu, mimi nilikuwa nimesimama pale pale, ukanitazama, ukaondoka. Na mimi viatu ninavyo. Kwa nini hukuniambia nivae?

Mdogo wako


21 Aprili

Mpwa wangu,

Ulinisikia mahakamani, lakini ulikuwa mbali na spika ni mbovu, kwa hiyo nakuandikia yaliyotokea kwa mpangilio wake. Nitajitahidi yasiwe maelezo.

Barua yako ya tarehe tisa niliipata tarehe kumi na tano. Siku tano sikufanya kitu. Siku ya sita nilifanya kile ulichokiogopa: nilimwandikia baba yako kurasa tatu za busara. Nikazisoma kwa sauti ili nione kama zimekaa vizuri, na nikaisikia. Ile sauti. Nikazichana.

Nikaenda shuleni. Mwalimu mkuu wa sasa nilimfundisha mimi, tangu darasa la kwanza mpaka kushika chaki. Nikamwomba daftari la majeraha. Lile la kijani liko kabatini, kurasa zako zote sita zipo. Sasa wanatumia la bluu. Nikalifungua Februari, penye jina la Kitinda: "Ameanguka ngazini." Mwandiko mzuri, mstari umenyooka. Nikamuuliza, "Mwalimu, shule hii ina ngazi?" Akaangalia chini, akasema, "Ulitufundisha kwamba nyumba ya mtu haivunjwi kwa kalamu." Ni kweli niliwafundisha hivyo, kwenye kikao cha walimu, na walinipigia makofi. Sijui ni watoto wangapi, mpwa wangu. Tumekaa siku mbili tukisoma madaftari yote mawili, na kila penye "ameanguka" tumeweka alama. Afisa wa ustawi ameyachukua.

Taarifa ya kwanza sikuipeleka. Niliandika nyingine, ile uliyosikia hakimu akiisoma. Uliona alivyorudia ukurasa wa nne. Kisha akasema sababu si udhuru, akakupa miaka tisa. Nilidhani ukweli ungepunguza zaidi. Labda niliuleta kama mtu anayeleta dawa kwenye matanga. Polisi nao wameniita kuhusu yale maandishi. Nimeandika maelezo yangu bila kuyapamba, na wanasema wataniita tena.

Nje, kwenye korido, nilimfuata mke wa mfamasia. Nilitaka kumwambia tunasikitika, na ulikotokea. Hakuningoja nimalize. Alisema: "Baba, sababu zenu ni zenu. Mimi namlisha mtu kwa kijiko." Nilipomtazama mume wake kwenye kiti chake cha magurudumu, alikuwa anajaribu kunisalimia kwa mkono wa kushoto. Hilo ulibebe, na mimi nitalibeba.

Kuhusu mama yako. Aliniandikia akiuliza kwa nini siku ya kumchukua Kitinda sikumwambia na yeye avae viatu. Nilimjibu kwa barua fupi kuliko zote nilizowahi kuandika: "Vaa viatu. Naja Jumamosi." Jumamosi nilikwenda. Lori lilikuwepo. Mama yako akaja mpaka mlangoni, akasema kwa sauti ya kusikika ndani, "Leo hatupokei wageni," akafunga. Lakini alikuwa amevaa viatu, vile vyeusi vya kanisani, na kamba zimefungwa. Jumamosi hii nitarudi, na ijayo, na afisa amekubali kufuatana nami.

Kitinda yuko hapa. Wiki ya kwanza alikula akiwa amesimama. Gari lolote likipita barabarani huacha kutafuna mpaka lipite. Mtoto wa jirani alimchukulia penseli, naye akamng'ata shavuni mpaka wakatenganishwa. Sikumweleza kitu. Nilikwenda kwa jirani nikaomba radhi, nikarudi, nikakaa naye. Ni vigumu kwangu kuliko unavyodhani. Maneno yananijaa mdomoni kama mate.

Nakuandikia hasa kwa ajili ya jana. Nyumba yangu, unakumbuka, ina ngazi tatu za saruji za kushukia uani. Nilikuwa jikoni namenya viazi. Nikasikia kishindo, halafu kimya kile ambacho si cha kawaida kwa mtoto aliyeumia. Baada ya muda akaja mlangoni, mikono nyuma, damu inashuka kutoka gotini mpaka kwenye soksi. Hakulia. Akanitazama usoni, akasema:

"Mjomba, nimeanguka ngazini."

Hapo ndipo alipoanza kulia. Nilidhani ni maumivu. Kumbe alikuwa anasema, "Lakini ni kweli. Safari hii ni kweli," akirudia, kama mtu asiyetegemea kusadikiwa.

Nikaweka kisu chini. Nikamwambia anionyeshe. Akanipeleka uani, akanionyesha ngazi ya pili, na pale kwenye ukingo palikuwa na damu, mbichi, kiasi cha kucha. Tukaitazama wote wawili. Nikakaa chini juu ya ngazi hiyo, mpwa wangu, naye akakaa, si karibu sana. Goti nililifunga hapo hapo. Mkono wangu sikumwekea begani.

Tulikaa mpaka viazi vikageuka vyeusi jikoni.

Mjomba wako